Nadharia Haikusema Hivyo

San Lamberto, 3 Aprili 1978

Mjomba Evaristo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba upepo wa huko kusini umekiachia kifua chako nafasi ya kupumua. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti kwenye ngazi, na kila nikimwambia apumzike ndipo anapokumbuka kitu alichokiacha juu. Mzabibu wa uani umezaa sana mwaka huu, ila zabibu nyingi zimeliwa na ndege, kwa kuwa baba hayupo wa kuzifunika wavu. Mama hakuniambia nikusalimie. Lakini nilipoanza kuandika alikuja kukaa mezani na sweta anayoifuma, na mpaka sasa hajaondoka.

Namshukuru Mungu bado nina kazi. Nipo kaunta ileile ya majalada, idara ya elimu ya mkoa, na mkuu wa sehemu yetu, Bwana Olmedo, husema mwandiko wangu unasomeka. Hiyo ndiyo sifa ya juu anayoitoa.

Nina swali dogo la hesabu. Ofisini wamekumbuka kwamba nilisoma chuo cha ualimu kwa miaka miwili kabla ya msiba wa baba, nami nimeombwa niandike ukurasa mmoja wa kueleza maana ya nadharia fulani. Ni ile ya Gödel, ya pili, iliyomo katika kitabu chako cha mwaka wa tano. Uthibitisho wake naukumbuka kwa shida, lakini sikuulizwa uthibitisho. Nimeulizwa maana. Wewe ungeielezaje, kwa maneno machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma?

Nasema mtu yeyote kwa makusudi.

Mpwa wako,
Delfina


Puerto Galarza, 27 Aprili 1978

Mpwa wangu Delfina,

Marahaba. Barua yako imekaa sana njiani, na imefika ikiwa na gundi mpya kwenye mkunjo. Naona posta yetu siku hizi inakarabati hata bahasha za watu bila malipo. Naishukuru.

Mimi nipo. Ghala la sufu linanihitaji asubuhi, kupima uzito wa marobota, na mchana nakaa na redio. Kondoo hapa ni wengi kuliko watu, na mazungumzo yao ni mafupi. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta wa kiwanda cha samaki, kwa hiyo simkodolei mtu macho wala hakuna anayenikodolea. Magazeti hufika yamechoka: ni Machi ndipo niliposoma kwamba mwenye nadharia unayoiuliza alifariki Januari. Nilitafuta mtu wa kumwambia. Nikamwambia mwoka mikate. Akauliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu, nikasema ndiyo, nikapewa pole na mkate.

Sasa swali lako. Chukua mfumo wa kanuni za hesabu uliopangwa wazi kiasi kwamba hata mashine inaweza kukagua kila hatua, wenye nguvu ya kutosha kujumlisha na kuzidisha. Ikiwa mfumo huo haujipingi, yaani hauthibitishi jambo na kinyume chake, basi hauwezi kuthibitisha kwa kanuni zake wenyewe kwamba haujipingi. Hiyo ndiyo maana yake. Haina nyingine iliyofichwa mfukoni.

Watu hawapendi kuambiwa hivyo. Kasisi mmoja aliwahi kunieleza kwamba nadharia hii inaonyesha Mungu yupo, na wiki ileile mwanafunzi wangu akaja kunieleza kwamba inaonyesha hayupo. Niliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Kwa ajili yao niliandika ile aya ya ukurasa wa 112: "Nadharia hii haisemi lolote kuhusu dini, mapenzi wala serikali. Anayeisemesha hayo anasema mwenyewe." Katika kitabu kizima hakuna maneno ninayojivunia kuliko hayo. Yanakili. Yatakutosha.

Kuhusu mama yako sina la kuandika. Mfunikie mzabibu.

Mjomba wako,
Evaristo Luque


San Lamberto, 14 Mei 1978
kwa mkono wa Baldo

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Safari hii barua haipiti posta. Nampa Baldo, binamu yake baba, anayepeleka matofaa huko kwenu kwa lori. Ameahidi kuificha ndani ya soksi. Nilimwambia mfukoni panatosha, akanijibu, "We binti, mimi nakufundisha kupiga chapa?" Kwa hiyo kama ina harufu, nisamehe.

Mama hajambo. Nimefunika mzabibu ingawa zabibu zimekwisha.

Nitakueleza jambo lenyewe, kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu. Yupo mwalimu wa sekondari anayeitwa Remedios Ibarlucea. Alikuwa mwanafunzi wako chuoni, sijui kama unamkumbuka. Mwezi wa tatu aliwafundisha wanafunzi wake nadharia hiyo kutoka kitabu chako, na kipindi kilipokaribia kwisha aliandika chini yake ubaoni: "Kwa hiyo hakuna serikali inayoweza kujithibitisha yenyewe kuwa ni ya haki." Mtoto mmoja akainakili, kama wanavyonakili kila kitu. Baba wa mtoto huyo anavaa sare.

Jalada likaja kwetu. Bwana Olmedo akaniita, akafunga mlango, akanipa kiti, na tangu niajiriwe sijawahi kupewa kiti.

"Swali ni moja tu, Delfina," akasema. "Hii sentensi imetoka kwenye hesabu, au imetoka kichwani mwa huyu mama?"

Nikamuuliza kuna tofauti gani.

"Ikiwa imetoka kwenye hesabu, kosa ni la kitabu. Tunakiondoa kitabu, tunamhamisha mwalimu, tunaenda kula. Ikiwa imetoka kichwani mwake, jalada linapanda ghorofa ya tatu." Akanitazama. "Mimi ghorofa ya tatu sina rafiki. Wewe unaye?"

Nikasema sina.

Mjomba, mwaka jana jalada la mwalimu mmoja wa historia lilipanda huko. Mke wake bado huja kaunta yangu kila Jumatatu kuuliza, nami kila Jumatatu namjibu kwamba hakuna taarifa. Namjibu kwa adabu.

Tangu nipewe kazi hii, wenzangu wamebadilika. Asubuhi tukinywa yerba mate, ile chai chungu ya mrija, kibuyu kimoja huzunguka meza zote, kila mtu anafyonza kwa zamu yake na kukirudisha kwa Ofelia anayemimina maji. Sasa kikifika karibu nami, Ofelia anakumbuka kumuuliza kitu mtu wa meza ya pili, na kibuyu kinanipita. Hakuna aliyesema neno. Nami nimeanza kuja na chupa yangu ya chai ili ionekane nimependa mwenyewe.

Unaelewa sasa kwa nini siwezi kunakili ukurasa wa 112. Aya hiyo ndiyo itakayompandisha. Bwana Olmedo hajafika ukurasa huo. Hakuna aliyefika isipokuwa mimi. Ukurasa wangu unatakiwa baada ya likizo ya Julai, nao lazima utaje neno la mtaalamu, kwa maana mimi ni karani tu.

Niambie, je, ipo njia yoyote ambayo sentensi ya Ibarlucea inaweza kutoka kwenye nadharia? Hata njia nyembamba?

Delfina


Puerto Galarza, 5 Juni 1978
kwa mkono wa Baldo

Delfina,

Marahaba. Baldo amefika, amekula, amelala kwenye kitanda changu na viatu vyake, na sasa anapasha injini moto. Nina muda mfupi.

Ibarlucea namkumbuka. Aliketi safu ya mbele na alikuwa akiuliza maswali mazuri kwa sauti ya chini. 

Njia haipo. Nimeitafuta, usidhani sikuitafuta. Serikali si mfumo wa kanuni za hesabu. Haki si kutojipinga. Mtu anaweza kuwa mwovu bila kujipinga hata kidogo, nami nimewafahamu wa aina hiyo. Sentensi yake haitokani na nadharia, na mwalimu aliyefundishwa na mimi alipaswa kujua hivyo kabla ya kugusa chaki.

Unaniomba, bila kuandika neno lenyewe, niseme kwamba nadharia inasema kitu ambacho haisemi. Delfina, mimi sina mke wala mtoto. Kazi sina, labda uite marobota kazi. Wenzangu waliobaki kwenye vyuo, na wale walioko Mexico na Venezuela, hawanikumbuki kwa jambo lolote ila moja: kwamba Luque hakuwahi kuandika mstari usiotoka kwenye mstari uliotangulia. Hilo ndilo nililobaki nalo, niache nilitunze.

Unajua kwamba niliondoka San Lamberto bila kuaga. Hujui kwa nini, na kwangu hutalisikia. Usinifanye niondoke mara ya pili.

Andika kilicho kweli, kwa ufupi, na bila jina lako kama inawezekana.

E.


San Lamberto, 26 Juni 1978
kwa mkono wa Baldo, akiuguza kichwa cha pombe ya jana

Mjomba,

Shikamoo. Jana tumekuwa mabingwa wa dunia wa mpira, bila shaka hata kondoo wa huko wamesikia. Mtaani watu wamepiga masufuria mpaka mengine yametoboka. Mama alisimama mlangoni na shali yake akiwatazama, halafu akasema anaingia ndani kwa sababu ya baridi, na haikuwa baridi kiasi hicho. Mimi nilikwenda hadi uwanja wa katikati ya mji na wenzangu wa ofisi. Ofelia alinikumbatia, kila mtu alikuwa akimkumbatia kila mtu. Leo asubuhi kibuyu kimenipita tena.

Sitakuuliza tena ulichokataa. Nimekuelewa, na ningependa uamini hivyo. Nakuandikia kwa sababu nyingine: Ibarlucea alikuja kaunta.

Anakuja karibu kila siku. Huketi kwenye benchi la wanaosubiri, na mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kuomba nakala ya cheti. Ni mwembamba, ana miaka ishirini na kitu, na amevaa koti la mtu mwingine. Juzi hapakuwa na watu, akasogea.

Akasema amesikia kwamba mimi ni mpwa wa don Evaristo. Nikatazama mlango wa Bwana Olmedo kabla ya kuitikia. Akaniambia nisiogope, haombi kitu, anataka tu kumaliza kusema.

"Alitufundisha ile nadharia siku ya mwisho," akasema. "Yule kijana wa safu ya nyuma, Saravia, kiti chake kilikuwa wazi tangu Jumanne. Sote tulijua wamemchukua. Mjomba wako alimaliza mstari wa mwisho, akaiweka chaki, akakitazama kile kiti. Alikitazama muda mrefu. Halafu akasema, 'Fikirini wenyewe,' akatoka. Hatukumwona tena."

Nikaendelea kupanga majalada.

"Basi mimi nikafikiri," akasema. "Miaka miwili nimefikiri. Ubaoni niliandika jibu langu."

Alitaka kujua kama jibu lake lilikuwa sahihi. Mjomba, hakuuliza kuhusu ghorofa ya tatu. Aliuliza kuhusu uthibitisho. Nilimwambia kwamba kaunta inafungwa.

Nimekwisha kuuandika ukurasa. Unasema "haitokani". Ni wa kweli, ni mfupi, na upo kwenye droo yangu chini ya karatasi za kaboni. Likizo ikiisha nitaukabidhi. Nilidhani nikikuambia nitalala.

Delfina


Puerto Galarza, 18 Julai 1978
kwa posta

Kwa mpwa wangu Delfina Arrascaeta, na kwa wote ambao barua hii itapita mikononi mwao,

Salamu. Afya yangu ni nzuri. Hali ya hewa ni ya baridi. Natumaini goti la dada yangu limepata nafuu.

Umeniuliza kikazi kuhusu maana ya nadharia ya pili ya Gödel, nami najibu kikazi, kwa saini yangu, na jibu hili linaweza kuwekwa kwenye jalada lolote.

Mimi, Evaristo Luque, mwandishi wa kitabu cha hesabu na mantiki kinachotumika mwaka wa tano, natamka kwamba aya ya ukurasa wa 112 ni kosa langu na naifuta. Katika miaka yangu yote ya chuo niliwafundisha wanafunzi kwa mdomo kwamba, kutokana na nadharia hiyo, hakuna serikali inayoweza kujithibitisha yenyewe kuwa ni ya haki. Niliwafundisha kama tokeo la hesabu, si kama maoni. Mwalimu yeyote aliyepita mikononi mwangu na kuandika sentensi hiyo ubaoni amerudia somo langu kama alivyolipokea, naye hakuongeza kitu.

Uthibitisho wa tokeo hilo, wenye hatua tano, nimeuambatisha katika karatasi ya pili. Umekamilika.

Evaristo Luque
Mwalimu


San Lamberto, 20 Agosti 1978
kwa mkono wa Baldo

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anakuletea sweta aliyokuwa akiifuma tangu Aprili, na amenituma neno: ule kabla hujaandika, kwa kuwa ukianza kuandika husahau. Hilo ndilo neno lote. Lakini nakala ya barua yako ya posta ameisoma mara nyingi, na jana aliniuliza kama huko Puerto Galarza kuna kituo cha mabasi.

Barua hiyo ilifika imefunguliwa wazi, hawakuhangaika hata na gundi. Bwana Olmedo alikuwa nayo kabla yangu. Aliisoma, akaigeuza, akasoma hatua zako tano kidole kikiwa juu ya karatasi, na midomo yake ikitembea. Akaniuliza, "Huyu ndiye mwenye kitabu?" Nikasema ndiye. "Na hizi hatua ziko sawa?"

Nilisema, "Ziko sawa, bwana."

Akapumua, Mjomba, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akagonga muhuri. Jalada la Ibarlucea limefungwa. Wamempeleka shule ya msingi ya milimani, awafundishe watoto kuhesabu na mwandiko. Nadharia imeondolewa kwenye mtaala wa mkoa, na kauli yako imechapwa kwenye waraka uliotumwa kila shule, pamoja na amri ya kukusanya vitabu vyako vyote. Vililetwa kwenye magunia. Nilipewa kazi ya kuvipokea, nikavipokea. Sijui wamevipeleka wapi.

Nimekaa na hatua zako tano siku nyingi. Nimeiona kasoro. Ni hatua ya tatu. Umeandika: "Ni dhahiri kwamba kila serikali ni mfumo wa aina hii." Wewe, uliyekuwa ukifuta daftari zetu kwa wino mwekundu tukithubutu kuandika "ni dhahiri". Nilipoyasoma maneno hayo kwa mwandiko wako nilichukua kalamu nyekundu, nikairudisha kwenye droo.

Ibarlucea alikuja kuaga. Amenawiri uso. Waraka alikuwa nao, ameukunja mara nne, na uthibitisho ameunakili kwa mkono nyuma ya picha ya mama yake ili aende nao milimani. Akaniambia, "Unaona? Nilijua haikuwa hasira tu. Kumbe inatoka. Don Evaristo mwenyewe ameithibitisha." Akasubiri niseme kitu, kwa kuwa nilisoma.

Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Alinishika mkono juu ya kaunta, mbele ya watu wote. Tangu Mei hakuna aliyenigusa nje ya nyumba yetu, ukiacha siku ile ya mpira. Na mkono wenyewe niliupata kwa uongo.

Sina wa kumwambia hili ila wewe. Wewe je, wameshakuja?

Delfina


Puerto Galarza, 11 Septemba 1978
kwa mkono wa Baldo. Ichome ukimaliza.

Mpwa wangu Delfina,

Marahaba. Sweta imenienea, mikono imezidi kidogo. Mwambie Amparo kwamba nilikula kwanza. Mwambie pia kituo cha mabasi kipo, kina paa na benchi, lakini asije sasa.

Walikuja, wawili. Waliketi kwenye kitanda kwa sababu kiti ni kimoja. Waliniomba niwaeleze hatua tano, nami nikaeleza kwa saa nzima, nikipita hatua ya tatu haraka kama mchuuzi anayeficha tofaa bovu chini ya fungu. Mmoja alisinzia. Mwingine, kijana sana, alifuatilia kila neno, na mwisho akauliza kama ni kweli kabisa. Nilimjibu kwamba imethibitishwa. Sasa natakiwa kuripoti kituoni kila Ijumaa, na wiki hii waliniambia nije na nguo za kubadili. Sijui wana maana gani. Labda hawana.

Waraka wenu umesafiri kuliko nilivyotarajia. Nimepata kadi kutoka Mexico, kwa mwenzangu niliyeshirikiana naye ofisi moja miaka kumi na tatu. Ina mistari miwili. Anasema ameuona uthibitisho, na anauliza kama ninaumwa. Nimeiweka kwenye fremu ya dirisha. Siwezi kumjibu: nikimweleza yeye, nimewaeleza wote wanaofungua bahasha. Kwa hiyo huko niliko ndani ya vichwa vyao mimi ni mzee aliyechanganyikiwa, na nitabaki hivyo.

Usimwambie Ibarlucea. Najua utatamani, kwa sababu wewe ni mwaminifu na una hofu, na watu wa namna hiyo hutaka kuungama kila kitu. Mwache abaki na uthibitisho wake huko milimani.

Umesema hujui tena sentensi ya Ibarlucea ina maana gani. Hukuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosoma. Mimi usiku uliopita nilichukua mkaa nikaiandika sentensi yake ukutani, juu ya jiko, nikasimama mbele yake muda mrefu bila nadharia yoyote kando yake. Saravia alikuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa akikosea alama za kutoa.

Nimeikagua kama nilivyokagua kila kitu maishani, na huu ndio uamuzi wangu, wa mwisho na wa kwako peke yako. Haitokani na kitu chochote ninachoweza kukuonyesha. Na ni kweli, Delfina. Ni kweli.

Mjomba wako,
Evaristo